Sweta la Mwanaidi

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi leo mngekuja na leso pia.

Palikuwa na shule ya wanyama, na siku hiyo ilikuwa siku ya picha. Kila mwanafunzi apigwe moja, iwekwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha mwaka, na jina lake chini. Mpiga picha alikuwa Korongo, mgeni, hamjui mtu. Mwalimu Kobe anaita jina kwenye daftari la mahudhurio, anayeitwa anakaa kitini nje ya darasa, kacha! Anayefuata, kacha!

Fisi, kiranja mkuu, alipigwa yake. Hakutosheka. Akawaambia wenzake, "Mwanaidi, binti Digidigi, alikufa kwa homa, lakini jina lake halijafutwa. Likiitwa, napigwa mimi."

Wote wakainamisha vichwa, maana Fisi ana meno. Pimbi, aliyekuwa akikaa dawati moja na Mwanaidi, alijua kwao hakuna picha ya mtoto yule hata moja. Na mama yake alikuwa pale mlangoni pa darasa, amekuja kuchukua sweta la mwanawe lililobaki kwenye msumari.

Pimbi nguvu hana. Ana maneno tu. "Kaka kiranja," akasema, "safari hii usikae. Ukikaa kinaingia kichwa tu, mwili wote huo unabaki nje. Rudi nyuma uingie mzima."

Fisi akarudi nyuma, puu, puu. "Nimeingia?"

"Bado mkia. Rudi nyuma."

Puu, puu, puu. "Nimeingia?"

"Bado masikio. Rudi nyuma."

Akavuka uwanja, akapanda kilima, akatunisha kifua.

"Usitikisike mpaka kengele," Pimbi akapaza sauti. Kisha akamwendea yule mama. "Mama, vaa hilo sweta, ukae kitini."

"Mwanangu, mimi mzee."

"Mmefanana, mama. Vaa."

Akavaa. Lilimbana kidogo mabegani.

Mwalimu Kobe akaita, "Mwanaidi." Miezi miwili jina hilo lilikuwa halijaitikiwa. Mama akajibu, "Nipo." Kobe akamtazama, akamjua. Akainamia daftari, akaweka alama ya kuwapo. Kacha!

Mimi nikifika hapa huwa sicheki, na nyinyi msinicheke.

Kitabu kilipotoka, mama alifungua ukurasa wa mwanawe. Sweta la shule, macho mekundu, na chini yake jina: Mwanaidi. Akapitisha ukwato juu ya karatasi, taratibu. "Ndiye," akasema. Hakuna aliyembishia.

Nyuma ya kiti, mbali juu ya kilima, kulikuwa na kijidoa kimetunisha kifua.

Basi, wanangu, fundisho la leo ni hili: muwe na tamaa. Katika shule nzima, Fisi peke yake ndiye aliyeingia kitabuni mara mbili.

Mwanaidi hakuingia hata mara moja.

Nimefunga. Aliyekuja na leso aniazime.