Kinyonga na Bibi Harusi

Mlima hauulizi mwaka wa gari. Mmelisikia neno hili asubuhi kwa fundi wa matairi, mkacheka, kisha mmekuja kwangu mnabishana kama kunguru. Huyu anasema magari ya zamani ndiyo magari, yule anasema ya siku hizi ndiyo yanayomjali mtu. Kaeni basi. Neno hilo halikuzaliwa kwa fundi. Lilizaliwa Mkongea, juu Upareni, na aliyelitamka mara ya kwanza alilitamka kwa kiburi. Sikilizeni lilivyomrudia.

Mkongea iko juu kabisa, wanakolima tangawizi, na hospitali iko chini kwenye tambarare. Kati ya huku na huko barabara ni moja tu, na katikati yake kuna kipande kinaitwa Ngazi, kwa kuwa mawe yake yamekaa moja juu ya jingine, ila hakuna fundi aliyeyapanga. Mvua ikinyesha, hata punda husimama kwanza akafikiri.

Zahanati, iliyojengwa chini ya Ngazi, ilikuwa na gari moja la kushusha wajawazito na wagonjwa. Lilikuwa gari fupi la zamani, limenyanyuka juu ya magurudumu yake, rangi ya kijani imepauka. Watu waliliita Kinyonga, maana lilipanda taratibu lakini lilifika. Dereva wake alikuwa Naetwe Mgonja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuitia mbuzi wa ng'ambo. Kando ya gia ya kawaida Kinyonga alikuwa na kijiti cha pili. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanakokota polepole kwa nguvu, na Naetwe alijua saa ya kukivuta kama mpishi anavyojua saa ya chumvi.

Akina mama wa Mkongea walikuwa na sharti lao. Dereva wa gari la zahanati, kabla hajampakia mama wa mtu, humpakia kwanza mama yake mwenyewe, akampandisha Ngazi na kumshusha, watu wakitazama. Walisema mtu huijua barabara vizuri akiwa na cha kupoteza. Naetwe alikwisha kumpandisha mama yake miaka mingi nyuma, na bibi yule alishuka garini akiulizia makande yake.

Basi wazawa wa Mkongea wanaoishi mjini wakachangishana, wakaleta gari jipya. Lilikuwa dogo kama Kinyonga, lakini jeupe, linang'aa, limefungwa utepe. Lilikuwa na kamera ya nyuma, mikanda kila kiti, na mifuko ya hewa iliyofichwa pande zote, inayofumuka gari likigonga ili kichwa cha mtu kisikutane na chuma. Siku hiyohiyo watoto wakalibatiza Bibi Harusi. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Kajiru, akamkabidhi ufunguo mpwa wake Elinihaki, kijana aliyekuwa akiendesha mjini, dereva mzuri wala si mtu wa majivuno.

Katika kikao Mzee Kajiru akasema, "Sasa lile kuukuu tuliuze. Mnunuzi amekwisha kupatikana, anakuja wiki ijayo."

Naetwe akasimama. Alifikiria wanawake wa kitongoji cha juu ya Ngazi, aliowashusha wengine uchungu umekwisha kuwashika, akaona kabisa kwamba Kinyonga akiuzwa, hao watabebwa tena kwa machela kama enzi za bibi zao.

"Umeliona tumbo la hilo gari jeupe, Mzee?" akauliza. "Liko chini. Litalala juu ya mawe."

"Naetwe, gari hili ni la mwaka huu."

"Mlima hauulizi mwaka wa gari," akasema Naetwe. "Sharti lipo. Elinihaki ampandishe mama yake."

Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Mzee Kajiru akakunja uso. "Sawa. Na wewe mpandishe wako, siku hiyohiyo. Atakayeshindwa, gari lake ndilo litakaloondoka. Chagua siku."

Naetwe akachagua siku ya zamu ya maji, na alijua anachokichagua. Kule Upareni maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye bwawa, ndiva, na kila kitongoji kina siku yake ya kufunguliwa. Siku ya zamu ya kitongoji cha chini, ndiva ikifunguliwa adhuhuri, mfereji hufurika pale kwenye kona iliyo chini ya Ngazi, na ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Alitaka Elinihaki akutane na utelezi wakati wa kushuka. Kwamba na yeye atapita kona hiyohiyo, wala hakujali. Yeye na Kinyonga walikuwa wamepita hapo mara zisizo na hesabu.

Mama yake alipoambiwa siku, aliacha kuchambua maharage. "Siku ya maji?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Bibi akaendelea kuchambua maharage yake.

Walianzia chini, asubuhi, kona ikiwa bado kavu. Bibi Harusi alitangulia. Alipita kona vizuri, kimya, mpaka watu wakaanza kumnong'oneza Naetwe kwamba leo kazi ipo. Kufika Ngazi akapanda jiwe la kwanza, la pili, kisha tumbo likakaa juu ya jiwe na magurudumu yakaning'inia yakizunguka bure. Vitaa vikawaka mbele ya dereva, vyekundu na vya njano. Elinihaki akarudi nyuma, akajaribu upande wa kushoto, akakwama tena. Mama yake, ambaye ni dada yake Mzee Kajiru, akafungua kioo akasema, "Mwanangu, niteremke niende kwa miguu? Naona nitawahi."

Hapo ndipo watu walipocheka mpaka wakakaa chini. Naetwe akavuta kijiti chake. Kinyonga akanguruma, akapanda jiwe baada ya jiwe huku akiyumba, akampita Bibi Harusi kwa pembeni. Naetwe hakuishia hapo. Alifunga kamba akamvuta Bibi Harusi mpaka juu, huku akipiga honi. Kichwa kilimvimba siku hiyo, na ukweli usemwe, alikuwa na haki ya kuvimba. Kipya kinyemi ingawa kidonda, aliwaambia waliosimama kando ya njia, na Mzee Kajiru akajifanya anatazama migomba.

Wakageuza kushuka. Wakati huo ndiva ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Bibi Harusi alitangulia tena, maana kwenye mteremko hakuhitaji kuvutwa na mtu. Alikwaruza tumbo, lakini breki zake zilikuwa zinajishika na kujiachia zenyewe, na alishuka Ngazi bila hofu. Alipofika konani akateleza. Elinihaki alikata usukani wala gari halikusikia. Likaenda moja kwa moja likagonga ukingo wa barabara, mshindo ukasikika mpaka zahanati. Mifuko ya hewa ikafumuka. Mlango ukafunguliwa, akashuka mama yake Elinihaki, amejaa vumbi jeupe usoni kama mtu aliyeangukia unga, akawa anatafuta kiatu chake. Hakuwa na mchubuko. Elinihaki naye vilevile.

Naetwe aliyaona yote hayo akiwa nyuma yao. Alikuwa anakwenda polepole sana, gia ndogo kabisa, kijiti kimevutwa. Haikusaidia. Kinyonga akateleza kwa upole, akajikongoja kando kwa kando, akagonga ukingo uleule, nusu ya mshindo wa mwenzake. Gari halikupata hata doa. Ila nyuma yalikuwa mabenchi mawili yanayotazamana. Mikanda ilikuwapo zamani, hata ya mbele, lakini Naetwe mwenyewe aliikata ikawa ya kufungia magunia ya tangawizi siku za gulio. Mama yake alirushwa kutoka benchi hadi benchi, mkono ukavunjika chini ya kiwiko, kichwa kikapiga chuma.

Naetwe alipofungua mlango wa nyuma alikuta damu kwenye kanga ya mama yake. "Mama," akasema. "Mama, nisamehe."

Bibi alikuwa na fahamu zake zote. Akamtazama binti yake, akatazama lile gari jeupe lililovunjika uso na watu wake wazima wamesimama, kisha akasema polepole, "Mlima hauulizi mwaka wa gari. Si ndiyo maneno yako? Au ulidhani lako la zamani mlima utalihurumia?"

Naetwe akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikandamiza kwenye jeraha.

"Na sipandi tena humu," bibi akaendelea, "mpaka mnifunge."

Wakamfunga. Mama yake Elinihaki alivua kanga yake, wakaunganisha na nyingine, wakamfunga kwenye kiti cha mbele, kifuani na kiunoni. Elinihaki akaingia nyuma, akapitisha mikono kwenye kiti, akamshikilia mabega. Naetwe akaendesha mpaka hospitali, anaendesha na kulia.

Wiki iliyofuata mnunuzi akaja kama alivyoahidi. Mzee Kajiru alikuwa na maneno matamu. "Naetwe ameona mwenyewe. Gari limemvunja mama yake. Jipya litatengenezwa, hili liende."

Naetwe alikuwa amemwegesha Kinyonga mbele ya ofisi, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kanga. "Gari halikumvunja mama yangu," akasema. "Nimemvunja mimi, kwa mikanda niliyoikata na siku niliyoichagua. Hilo nimeliona. Lakini haliuzwi."

"Basi kesho upakie wagonjwa."

"Wala sipakii."

Mzee Kajiru akacheka. "Hutaki kuuza, hutaki kupakia. Unataka nini wewe mwanamke?"

"Nataka mabenchi yatoke, viwekwe viti vinavyotazama mbele. Nataka mkanda kila kiti, na bomba la chuma juu ya vichwa, lizuie paa gari likipinduka. Bibi Harusi akitengenezwa akae chini ya kona, barabara inakonyooka na mabasi yanakokimbia. Kule ndiko mifuko yake ina kazi. Kinyonga apande Ngazi na kushuka. Mgonjwa ahamishwe pale chini ya kona. Na siku ya maji, ndiva isifunguliwe mpaka gari lipite."

"Na kama kamati ikikataa?"

"Ikikataa, ije iuchukue ufunguo." Akaushika ule ufunguo ndani ya kanga. "Na yeyote atakayeuchukua, ampakie kwanza mama yake, hivihivi, bila mkanda."

Pale ofisini kila mtu alikuwa na mama, au alikuwa naye zamani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Elinihaki ndiye aliyesimama akaenda kusimama upande wa Naetwe, mbele ya mjomba wake. Mnunuzi akanywa chai, akaenda zake.

Kinyonga alipotoka kwa fundi na viti na mikanda yake mipya, sharti lilibaki palepale. Lazima dereva ampakie mama yake. Watu walikusanyika chini ya kona, wakitazama nani atathubutu kwenda kumwomba yule bibi. Hawakuhitaji kumwomba. Alikuja mwenyewe, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikataa kusaidiwa. Akapanda, akauvuta mkanda kwa mkono mzima, akahangaika nao mpaka ukalia kufunga.

Naetwe alikuwa ameshika usukani, ufunguo hajaugeuza. "Mama, si lazima."

"Mimi ndiye niliyevunjika, wewe ndiye unayeogopa?" bibi akasema. "Vuta hicho kijiti chako twende."

Wakapanda Ngazi, wakashuka, wakapita konani.

Mkono ule haukunyooka tena sawasawa, na Kinyonga hakuuzwa mpaka leo. Ukipanda gari la zahanati pale Mkongea, jeupe au la kijani, dereva hawashi gari kwanza. Anawageukia abiria na kuwaambia maneno ya Naetwe, yale aliyomrushia Mzee Kajiru na kurushiwa na mama yake. Abiria wanafunga mikanda. Kwa hiyo nyinyi endeleeni kubishana la zamani na la sasa, mdomo hautozwi kodi. Mkimaliza, kumbukeni kwamba mlima hauulizi mwaka wa gari.