Bamia Iliyofungwa Ukindu

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, mmelala nyie. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na Nungunungu, mwenye bustani ya bamia nyuma ya pango lake. Aliishi na binti yake mdogo, Mwiba. Wawili tu. Mkewe alishafariki, na mama yake mzazi naye alishafariki.

Kwao, msimu ukiisha, mwenye bustani huketi ukingoni, akaiuliza: "Umetupa nini? Mwakani tufanyeje?"

Basi Nungunungu akaketi. Akatazama. Mwaka juzi bamia zilikuwa mbaya. Mwaka jana mbaya zaidi. Mwaka huu, jamani, fupi, zimepinda, ngumu kama vijiti. Shina moja tu, kando ya jiwe, lilikuwa na bamia moja ndefu, nene.

"Ni Kanga!" akafoka. "Kanga ananifukulia bustani!"

Jirani yake Kanga akaja mbio, chaku-chaku-chaku!

"Mimi nakulia wadudu, na hunishukuru! Hebu nionyeshe mbegu zako."

Akaonyeshwa. Akapuliza, fuu! Nusu zikapeperuka.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kwenye bamia za mwisho. Nzuri tunakula. Tulizozikataa tunaziacha zikauke."

Kanga akauliza: "Na marehemu mama yako alifanyaje?"

Nungunungu akakumbuka. Mama yake alichukua ukindu, ule wa kusukia mikeka, akaifunga bamia ya kwanza ya kila shina lililo bora. Ole wako uiguse kabla haijakauka! Nungunungu alidhani ni ubahili wa kizee, wala hakuuliza. Siku ya matanga ya mama alizichuma zote zilizofungwa, akawapikia wageni.

Akalia. Na miiba yake yote ile, alilia.

Mwiba akaja. "Baba, ile ndefu ndiyo yangu? Uliniahidi. Nina njaa."

Nyie wenye watoto, mnajua neno hilo linavyochoma.

"Hiyo hatuli, mwanangu."

"Uliniahidi!"

"Niliahidi. Nisamehe."

Akaifunga ukindu. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Nungunungu akampa muhogo wake mwenyewe, akalala na njaa.

Mvua zikanyesha. Wakapanda mbegu za bamia ile moja. Zikaota, chipu, chipu, chipu! Bamia ya kwanza ikatoka, ndefu, laini. Baba akakaa kimya makusudi. Mwiba akaunyoosha mkono. Akaurudisha.

"Baba," akauliza, "ukindu wa bibi uko wapi?"

Mmesikia? Sisemi msile. Kuleni! Lakini kilicho bora kiacheni kiwe mbegu, hata kama mtoto analia. Na wazee wenu waulizeni sababu ya mambo wangali hai.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa bustani, na hapo naiacha.