Utafiti wa Migongo Mia Tano

Palikuwa na Sultani huko Ukumbwe aliyetamani ukuta mrefu wa kuzunguka bustani yake, ila hakutaka kumlipa mtu hata senti. Na shokoa, ile kazi ya lazima isiyo na ujira, marehemu baba yake alikwisha kuipiga marufuku, tena kwa kiapo mbele ya msikiti mzima. Sultani akajikuna kichwa. Akamwita Dokta Mbarouk, mkuu wa Baraza la Utafiti.

"Mbarouk, watu wangu wakinibebea mawe bure, itaitwaje?"

"Shokoa, Mtukufu."

"Na kama nawapima migongo huku wanabeba?"

Dokta Mbarouk akafikiri. Alikuwa na watoto tisa na nyumba ya serikali. "Hapo, Mtukufu, itaitwa utafiti wa afya."

Ukapitishwa siku hiyohiyo, kibali kikaandikwa. Mhuri ukagongwa. Jina likawa "Athari za Kubeba Mawe kwa Migongo ya Watu wa Kawaida." Washiriki mia tano. Muda wake: mpaka ukuta utakapokwisha. Samahani, mpaka utafiti utakapokwisha. Kila jioni karani alipita na kamba, akapima mgongo mmoja, akaandika "bado upo", akaenda zake kunywa kahawa.

Miongoni mwa hao mia tano alikuwamo Vuai, msuka vitanda. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa muuza maandazi, na sokoni walimwita Pilipili. Siku ya kumi na saba Mwanakheri alichungulia kwenye upenyo wa ua, akamwona mumewe amepinda kama ndoana. Alimfunga mwanawe mgongoni, akaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Sultani.

"Shikamoo, Mtukufu. Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Hachukuliki," akadakia Dokta Mbarouk. "Mumeo sasa ni takwimu."

"Takwimu hiyo ina mke, Dokta. Na imeacha kitanda cha watu nusu kamba."

"Alikubali mwenyewe. Alitia dole gumba."

"Huku askari wawili wamemshika mkono!"

"Tulimsaidia. Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Basi ajitoe."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Hajitoi mtu, mama! Kifungu cha kujitoa nilikifuta kwa mkono wangu."

Mwanakheri alihisi machozi yanamjia. Akayameza. Akamtikisatikisa mtoto mgongoni, kisha akasema kwa upole, "Basi sawa. Utafiti ni jambo jema. Ila kundi la pili liko wapi?"

"Kundi gani tena?"

"La wasiobeba mawe. Si limeandikwa kwenye kibali, ukurasa wa thelathini na nane? Lazima wawepo wanaobeba na wasiobeba, ili migongo ilinganishwe. Likikosekana moja, kibali kimekufa."

Kweli kibali kilisomwa sokoni, kurasa arobaini na moja. Watu wote walisinzia. Mwanakheri peke yake alisikia mpaka mwisho, kwa sababu mtoto alikuwa na chango na hakumwacha afumbe jicho.

"Mbarouk, ni kweli?"

"Kweli, Mtukufu. Na kibali kikifa, kinachobaki ni sho..."

"Usilitaje hilo neno!" Sultani akatazama huku na huku. Mara uso ukamchangamka. "Mwanamke, umenitisha bure! Asiyebeba mawe si mimi hapa? Tangu nizaliwe sijabeba hata kokoto. Andika, Mbarouk: kundi la pili ni mimi!"

Akatia dole gumba. Hakuna aliyemshika mkono.

Mwanakheri akapiga kigelegele. "Hongera, Mtukufu! Sasa, Dokta, fungua ukurasa unaofuata."

Dokta Mbarouk akaufungua. Akatoa leso, akajifuta shingo.

"Soma!" akafoka Sultani.

"'Makundi haya mawili yafanane kwa kila kitu, isipokuwa kubeba mawe tu.'"

"Maana yake nini?"

"Maana yake," akasema Mwanakheri, "mume wangu anakula muhogo mmoja wa kuchemsha kwa siku, bila chumvi. Analala chini, watu wanane turubai moja, mmoja akigeuka wote wanageuka. Alfajiri anaamshwa kwa ndoo ya maji baridi. Karibu kundini."

"Mimi? Nilale chini? Basi na wao wale pilau kama mimi!"

"Wote mia tano? Na godoro la manyoya ya bata kila mmoja? Na watumishi wawili wa kumkanda miguu kila mmoja? Hao ni watumishi elfu, Mtukufu. Na wako wenyewe wako nje wanabeba mawe."

Karani, mtu wa kufuata kanuni, alikwisha kuingia na muhogo juu ya sahani. Akauweka mbele ya Sultani. Akaanza kukunjua turubai. Sultani akautazama muhogo. Ulikuwa na mizizi.

"Najitoa!"

"Kifungu cha kujitoa ulikifuta, Mtukufu," akanong'ona Dokta.

"Kirudishe! Lakini weka akili, Mbarouk. Andika kwamba anayeruhusiwa kujitoa ni Sultani peke yake. Gonga mhuri!"

Mhuri ukagongwa. Sultani akausukuma muhogo kule, akashusha pumzi, akamcheka Mwanakheri. "Haya mama, mimi huyo nimetoka. Nenda kakaange maandazi yako."

Mwanakheri akaenda, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda dirishani, akapaza sauti mpaka kule uani. "Vuai! Na ninyi wote! Wekeni mawe chini, mwende makwenu!"

Mawe mia tano yakaanguka kwa mshindo mmoja.

"Wazuieni!" Sultani akaruka kitini. "Mbarouk, wasomee! Hawaruhusiwi kujitoa!"

"Hawajitoi, Mtukufu," akasema Mwanakheri. "Wewe umetoka, na makundi sharti yafanane. Wanafanana na wewe tu."