Koti Moja, Jina Moja

Sogeeni, sogeeni. Mwenye sikio alilete, mwenye jibu alifiche kwanza, maana leo mimi nimekuja na swali tu.

Mwanza, kwenye nyumba ya kupanga iliyojengwa juu ya mawe, waliishi wahitimu wanne wa shahada ya uzamili ya fedha. Nasema wahitimu, sisemi wafanyakazi. Joho walishavaa, picha zao mama zao walishazitundika sebuleni. Kazi ndiyo ilikuwa haijawaona.

Semeni alikuwa na jicho. Tangazo la kazi likitoka asubuhi, mchana yeye ameshalisoma mpaka maandishi madogo ya chini. Eliakunda, Mpare asiye na haraka, alikuwa na kichwa. Jambo akikuelewesha yeye, hutalisahau tena. Byabato alikuwa na moyo, na kwa kuwa moyo hauandikwi kwenye wasifu wa kazi, hakuna mwajiri aliyewahi kumuuliza habari zake. Wa nne ni Kabula, binti wa Maswa, ambaye ndiye tutakayemfuata. Yeye alikuwa na kipaji gani? Hata mwenyewe alikuwa anajiuliza.

Hao wanne walikuwa na koti moja la suti. Msicheke! Koti jeusi la mtumba, zuri hasa, walilichangia kwa sababu hakuna aliyeweza kulinunua peke yake. Sheria yake ilikuwa nyepesi: anayewahi kuitwa kwenye usaili analitundika kwenye msumari wa mlango wake, na hapo hakuna wa kuligusa mpaka amalize. Kabula alikuwa amelivaa kuliko wenzake wote, na kila mara alirudi nalo na mikono mitupu. Kosa lake lilikuwa moja. Ukimuuliza swali, anakujibu kwa kanuni. Waulizaji walikuwa wanatazamana, wanamshukuru kwa kuja, basi.

Siku moja baba yake mdogo akapiga simu kutoka Maswa. "Mwanangu, kusoma umesoma, hakuna anayebisha. Mwisho wa mwezi uje usimamie duka langu la mbolea. Na mama yako tumeshaongea."

"Sawa, baba," Kabula akaitika. Alipokata simu akalia. Hakulidharau duka. Alilia kwa kuwa aliijua familia yake: akishika funguo za lile duka, hatazirudisha tena. Wenzake walimkuta anakunja nguo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia.

Jicho la Semeni liliona tangazo la kampuni inayokopesha wakulima. Nafasi ilikuwa moja, mchambuzi wa mikopo, na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa saa kumi alasiri ya siku hiyohiyo. Eliakunda akatuma la kwake haraka kwa simu yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kompyuta ya Semeni ilikuwa imebakiza chaji kidogo sana. Ombi lake mwenyewe lilikuwa tayari, limebaki kubonyezwa. Akamtazama Kabula na lile begi lake. "Lete vyeti vyako, shoga. Mimi nitakula nini sijui, lakini sijaitwa nyumbani nikafungasha begi kama wewe." Akaliandaa la Kabula, akalituma. Alipofungua la kwake, kioo kikawa cheusi tii, na saa kumi ikapita umeme haujarudi.

Kichwa cha Eliakunda kilijua wataulizwa nini. "Watakuambia mkulima wa pamba anataka mkopo, utampa au hutampa? Wewe utafanyaje?"

"Nitakokotoa thamani ya sasa ya mapato yake ya—"

"Ndiyo maana unarudi na koti! Kabula, pamba inauzwa lini?"

Kabula akaiacha kanuni yake. Mtoto wa Maswa, amekulia kwenye pamba!

"Inauzwa kwa msimu," akasema taratibu. "Ukimdai kila mwezi, atauza ng'ombe akulipe."

"Basi anza na hapo. Kanuni itakuja nyuma." Jibu hilo Eliakunda alikuwa amejiandalia mwenyewe, maana na yeye alikuwa ameitwa kwenye kampuni hiyohiyo. Kabula alipangiwa Alhamisi, yeye Ijumaa.

Moyo wa Byabato ulikutana na mtihani jioni ya Jumatano. Koti lilikuwa kwenye msumari wake tangu Jumatatu, kwa haki kabisa, maana benki moja ilikuwa imemuita Alhamisi hiyohiyo. Kabula hakuomba. Alikuwa anafua blauzi yake iliyofifia, anaigeuza upande huu na upande ule. Byabato akalitoa koti kwenye mlango wake, akaenda kulitundika kwenye mlango wa Kabula. "Zamu ni yako, Byabato," Kabula akasema. "Zamu ni ya mwenye shida," akajibu, akaingia chumbani. Kesho yake alifika benki na shati lake la mikono mifupi. Mlinzi akamwambia wahudumu wa chai wanapitia mlango wa nyuma. Alipomaliza kujieleza, jina lake lilikuwa limeshaitwa na kupitwa.

Kabula alipata kazi. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, na Semeni alicheza mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kulikoni. Na Ijumaa ya Eliakunda je? Aliingia amenyooka ndani ya koti lilelile, akaulizwa habari za pamba, akajibu vizuri kabisa. Bosi, mama mmoja anayeitwa Bi Nkwimba, akamtazama juu mpaka chini. "Jibu hili tulilisikia jana, kijana. Na koti tuliliona." Hakuna aliyefikiria hilo, si mwalimu wala mwanafunzi. Eliakunda alilisimulia huku anacheka, lakini chakula siku hiyo alikiacha.

Wiki chache baadaye, Ijumaa, Bi Nkwimba akamuita Kabula ofisini.

"Nikuambie kwa nini uko hapa. Ombi lako lilifika tunakaribia kufunga. Jibu lako la pamba lilinifanya niweke kalamu chini. Na ulipoingia, mwenzangu alininong'oneza, huyu anaonekana ameshaajiriwa. Kimoja kingekosekana, tungemchukua mwingine."

Kabula akatikisa kichwa. "Mama, nisamehe. Hayo yote hayakuwa yangu." Akamsimulia kila kitu, na kwamba jibu la pamba lilikuwa la yule kijana wa Ijumaa.

Bi Nkwimba alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri. Imepatikana nafasi nyingine moja, na sitaki kutangaza tena. Jumatatu asubuhi niletee jina."

"Siwezi kuleta matatu, mama, uchague mwenyewe?"

"Wewe ni mchambuzi wa mikopo. Kila siku watakuja watu wazuri watatu na mfuko unaotosha mmoja. Anza kujifunza kwa marafiki zako."

Kabula aliwaambia Jumamosi, ugali ukiwa mezani. Mwanzoni walifanya utani.

"Bila jicho langu ungekuwa unapima mbolea sasa hivi," Semeni akasema. "Ukinisahau, nitajua kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Jicho lilimfikisha mlangoni," Eliakunda akasema. "Mlangoni hawalipi mshahara."

"Na wewe Byabato, husemi?"

"Mimi nilitoa koti," Byabato akasema. "Koti halina mdomo."

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Semeni akakumbuka kitufe ambacho hakukibonyeza. Eliakunda akatazama sahani yake. Byabato akasema, "Chagua unayemtaka, hatutakasirika," na Kabula akajua hilo si kweli, maana hata yeye angekasirika. Jumapili hakuna aliyemgongea mlango. Kila mmoja aliogopa kuonekana anabembeleza.

Jumatatu asubuhi Kabula alifungua mlango aende kazini. Kwenye ukumbi, katikati ya milango ile, kulikuwa na msumari mpya, na koti limetundikwa hapo. Halikuwa mlangoni kwa Semeni, wala kwa Eliakunda, wala kwa Byabato. Lilikuwa limepigwa pasi, na kifungo kilicholegea tangu zamani kilikuwa kimeshonwa. Nani alikishona? Hakujua. Milango mitatu ilikuwa imefungwa, lakini nyuma ya kila mlango alisikia mtu yuko macho, anajikohoza. Kabula akalishika koti mkono wake, akatamani liwe na mikono sita.

Ofisini Bi Nkwimba hakumpa hata nafasi ya kuketi. "Haya, binti. Nani?"

Kabula akafungua mdomo.

Mimi namuachia hapo hapo, mdomo wazi, kwa sababu kutoka hapo hadithi si yangu. Yuko aliyemwonesha kazi akapoteza ya kwake, yuko aliyemfundisha akaonekana ameiba, yuko aliyemvisha akaenda kudhalilika. Nafasi ni moja, na jioni Kabula atarudi kwenye nyumba ileile, apite kwenye milango ileile mitatu.

Haya, mliojificha na majibu, yatoeni sasa. Bosi anangoja. Wewe ungemtaja nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini jioni?