Mrija wa Rimma Savelyevna

Avaaye nguo ya mwenziwe husahau kwamba haikukatwa kwa kipimo chake. Akisimama wima atasifiwa. Akiinama tu, aibu i nje. Hayo ndiyo yaliyomfika Gleb Veniaminovich mjini Gorky, Urusi, siku ambayo hata mto Volga ulikuwa umeganda.

Katika maabara aliyoiongoza Gleb, mhandisi Rimma Savelyevna alikuwa ametumia miaka minne kuunda mrija mnene wa shaba, usio na hewa hata chembe ndani. Humo elektroni zilizungushwa kwa sumaku kali hadi zikatoa mawimbi ya urefu wa milimita chache, yenye nguvu ya kuipasha gesi joto ikashindana na jua. Mirija sita ilimharibikia mikononi. Wa saba ukakubali.

Asubuhi tume ya kuukagua ilipowasili kutoka Moscow, Rimma aliifungua ripoti ya mrija. Jina lake halikuwamo. La Gleb lilikaa juu, peke yake, kama jogoo juu ya paa.

"Gleb Veniaminovich, jina langu limekwenda wapi?"

"Aa, usianze. Sisi sote kitu kimoja," alisema akinyoosha tai. "Wageni watataka chai. Na zile sambusa za kabichi, usisahau."

"Miaka minne! Wewe hata kuuwasha hujui!"

"Kubonyeza kitufe? Hata paka wangu anaweza."

Rimma alisimama nyuma ya wageni, birika mkononi, damu ikimchemka kuliko chai. Gleb akabonyeza. Mshale wa kipimo ukapanda, makofi yakalia, na kila kofi likamwingia Rimma kama msumari.

"Safi," alisema Profesa Ignatenko, mwenyekiti wa tume, bibi mfupi wa sauti kavu. "Sasa tubadilishie urefu wa wimbi, kidogo tu."

Mkono wa Gleb ukazunguka hewani, kisha ukashika swichi ya volti na kuipandisha.

"Siyo hiyo! Sumaku kwanza!" Rimma alipiga ukelele.

"Mama, wewe mimina chai!"

Pakalia kama mfupa uliovunjika. Mwanga wa buluu ukamulika, shaba ikayeyuka kwa ndani, mrija ukafa.

"Kwa nini sumaku kwanza?" Profesa alimuuliza Gleb.

"Ni… hitilafu ya kiwandani, Profesa."

"Nimeuliza kwa nini."

Profesa akageuka. "Wewe mwenye birika, unajua?"

"Sumaku ndiyo inayopanga elektroni zizunguke kasi gani, na mzunguko huo ndio unaopanga wimbi," alisema Rimma kwa hasira. "Ukipandisha volti peke yake, zinakwenda kuugonga ukuta. Nilimwandikia yote haya. Amenakili kila kitu isipokuwa akili!"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Profesa alitoa kalamu, akalikata jina la Gleb, akaandika la Rimma mbele ya wote.

"Utaunda mwingine kwa muda gani?"

"Miezi minane. Na huyu asiuguse."

"Hataugusa. Leo hii anakabidhi funguo."

Rimma hakutabasamu. Aliweka kiganja juu ya shaba iliyokuwa ingali na joto, akaulilia mrija wake kama mtu aliyefiwa, huku Gleb akipita katikati ya wenzake bila hata mmoja kumsogezea koti lake. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri matako.