Mwanamke Aliyewataja Aliowadhuru

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mwanachuoni wa hadithi za Mtume aliyeitwa Sheikh Mundhir bin Wathila. Alikuwa mtu mgumu. Hakupokea riwaya mpaka ajue msimulizi wake aliisikia kwa nani, wapi na mwaka gani. Safari moja alitembea siku kumi na saba kumfuata mzee aliyesifiwa kwa kuhifadhi hadithi. Alipomwuliza ni mwaka gani alikutana na mwalimu wake, mzee akababaika, na Sheikh akarudi zake bila hata kuonja chakula alichoandaliwa.

Aliwaambia wanafunzi wake: "Mtu anaweza kuwa mcha Mungu kabisa na bado akachanganya majina. Uchaji wake utamfaa yeye. Mimi nataka kujua alisikia kwa nani."

Ukafika mwaka ambao mkewe, Bi Lubaba, alianza kuvimba miguu. Mwanzoni uvimbe ulikuja jioni na kuondoka asubuhi, kisha ukakaa. Pumzi ikawa fupi, hata kutoka jikoni mpaka ukumbini akawa anapumzika njiani. Sheikh, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akibabaika, alipagawa.

Akakimbilia soko la wauza dawa za miti. Duka la kwanza alikuta watu wamejaa. Mwenye duka, Kahmas, alikuwa na sugu ya sijda katika paji la uso, na midomo yake haikuacha dhikri.

"Mzizi huu, ewe Sheikh, unaondoa maradhi sabini," alisema Kahmas. "Achemshiwe, anywe asubuhi na jioni, na kwa idhini ya Mola atasimama."

Sheikh aliitazama ile sugu, moyo wake ukatulia. Hakuuliza neno. Aliubeba mzizi nyumbani kwa furaha, ukachemshwa, na bakuli likawekwa mbele ya mgonjwa.

Sasa Bi Lubaba hakuwa mtu wa kupelekwapelekwa. Miaka ishirini alikuwa akikaa nyuma ya pazia akisikiliza darasa za mumewe, na wapokezi wa hadithi aliwajua kuliko wanafunzi wengi. Alilitazama bakuli, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Usaid, dawa hii Kahmas kaipokea kwa nani?"

"Ni mcha Mungu, Mama Usaid. Ana sugu ya sijda."

"Sikuuliza sugu," alisema, akivuta pumzi kwa taabu. "Maneno ya mtu huyu ungeyakataa yasiingie katika kitabu chako. Dawa yake ndiyo uitie tumboni mwangu?"

Sheikh aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kosa ambalo asingemsamehe mwanafunzi wake mdogo kabisa, amelifanya yeye, tena kwa roho aipendayo kuliko zote. Alilichukua bakuli akalimwaga nje.

Asubuhi alirudi sokoni na maswali matatu. Dawa hii uliipokea kwa nani? Nani amepona kwayo, na alikuwa akiugua nini? Na nani imemdhuru? Kahmas alijibu la kwanza kwamba watu wote wanaijua, na la pili kwamba waliopona hawana idadi. Kwa la tatu alikasirika.

"Astaghfirullahi, Sheikh! Mti alioumba Mungu umdhuru nani?"

Sheikh alizunguka maduka kumi na mawili. Wako waliojibu vizuri mawili ya kwanza, ila la tatu wote walilikataa, na wengine walimcheka. Nyumbani Bi Lubaba alikuwa halali tena ila kwa kukaa, ameegemezwa mito. Siku ya nne muuza ubani mmoja alimwonea huruma, akamwambia: "Nenda kwa Bibi Khaula, nyuma ya watia rangi nguo. Lakini ujue, yule hatibu kila mtu, na maneno yake makavu."

Alimkuta mwanamke mtu mzima akichambua majani. Akamwuliza maswali yake. Khaula alisema amejifunza kwa mama mkwe wake miaka tisa, naye mama mkwe alisomeshwa na tabibu wa nyumba ya wagonjwa. Akawataja waliopona na walichougua. Kwa swali la tatu mikono yake ikasimama.

"Mimi nakujua wewe ni nani," alisema. "Ukimwita mtu dhaifu, kwamba habari zake haziaminiki, katika mji huu hafi ila na jina hilo."

"Ni kweli," alisema Sheikh. Na hakulirudisha swali lake nyuma.

Khaula aliyaweka majani chini. Kisha akasema: "Nailah binti Nawfal, nilimpa dawa ya kusafisha tumbo bila kumwuliza kama ana mimba. Mimba ikatoka. Simak muuza kamba, nilimpimia kwa kiganja badala ya mizani, akalala siku mbili haamki. Na dada yangu wa tumbo moja, Atika. Alikuwa akinywa dawa ya mtu mwingine, nami sikumwuliza, nikamwongezea yangu. Huyo nilimzika."

Sheikh Mundhir alilia. Alisema: "Miaka thelathini nawapima watu, na sijamwona aliyesema kweli kwa hasara yake namna hii. Twende, Bibi, mgonjwa wangu hali yake mbaya."

Khaula alipofika aliubonyeza muundi wa Bi Lubaba kwa kidole, na shimo likabaki. Alisikiliza pumzi yake, akamwuliza amekula nini na amekunywa nini. Kisha akafunga kikapu chake bila kutoa hata jani moja.

"Haya si ya kwangu," alisema. "Naona maradhi yamefika moyoni, na majani yangu hayafiki huko. Apelekwe kwa tabibu Ghalib, nyumba ya wagonjwa. Nitakwenda naye, nimweleze niliyoyaona."

Ghalib alimkataza chumvi, akampa dawa ya kipimo, na kila siku akawa anamkagua. Akasema pia kwamba lau angekunywa ule mzizi kwa siku tatu, moyo usingehimili. Baada ya siku arubaini Bi Lubaba alilala chali usiku kucha, na alfajiri akateka maji ya udhu kwa mkono wake mwenyewe. Sheikh aliyasikia yale maji yakimiminika, akasujudu pale pale alipokuwa.

Akanuia kumsifu Khaula mbele ya watu siku ya Ijumaa. Habari zilipomfikia, Khaula alikuja mlangoni kwake.

"Nasikia unataka kusema nimemponya mkeo. Usiseme."

"Si wewe ndiye sababu ya kupona kwake?"

"Watu watasikia jina langu tu, Sheikh. Kesho atakuja mtu na mwanawe mgonjwa, ugonjwa nisioujua, ameniamini kwa ajili yako. Sema nilichofanya, usizidishe."

Ijumaa Sheikh alisimama akasema: "Khaula binti Rafii alimtazama mke wangu, akasema hawezi kumtibu, akatupeleka kwa awezaye. Nami nashuhudia kuwa ni mwaminifu, na habari yake inapokewa." Hakuongeza neno. Na waliokuwepo wanasema hawakupata kumsikia akimsifu mtu yeyote zaidi ya hapo.

Ndugu yangu, mwanamke huyu hakuogopa kuitwa dhaifu. Aliogopa kuitwa hodari kwa jambo asiloliweza, kwa kuwa alijua ni nani atakayelilipia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na siku tutakapouguliwa atukutanishe na mfano wake.