Kimya cha Soko la Mawardi

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Sultani Ghaithi bin Mundhiri wa mji wa Mawardi alisimama sokoni na kuomba ruhusa ya kukopa dhahabu kwa jini.

Hakuomba kwa kupenda. Babu yake alikula yamini mbele ya wenyeji kwamba mambo matatu Sultani hatayafanya peke yake, kufua sarafu, kutoa hati za fedha na kukopa, na jini Kamtarishi, mtumwa wa pete ya ufalme, alikuwa shahidi wa yamini ile na alifungwa nayo. Wenyeji wakikubali husema, "Tumeridhia." Wakikataa hunyamaza, maana wazee wao waliona kwamba ni vigumu kumkata mtu kichwa kwa neno ambalo hakulisema. Kisha Msikizi hutangaza mji umejibu nini, na jini hufuata kauli yake.

Msikizi alikuwa mzee Bakathiri. Alhamisi alikataa kuahidi jibu kabla ya swali kuulizwa, akatiwa gerezani, na kazi ikamwangukia bintiye Ruzuna, kama ilivyo ada. Asubuhi ya Ijumaa Waziri Dhahiri akamwendea.

"Ukitangaza ridhaa, baba yako atakula nyumbani leo. Ukitangaza vingine, ngoma italia, na mwenye upanga kule gerezani akisikia ngoma haulizi kitu."

Sasa Ruzuna alikuwa juu ya jiwe la kutangazia, na mpiga ngoma nyuma yake, magongo mkononi.

Sultani akageuza pete kidoleni, moshi ukatoka, na moshi ukawa jini mrefu kuliko mnara.

"Labeka, ewe mwana wa Mundhiri," akasema jini. "Dhahabu ninayo. Rehani yangu ni maji matamu ya mkopaji kwa miaka saba, dhahabu irudi isirudi."

"Mkopaji ni mji, na maji ni ya visima vyake," akasema Sultani. "Enyi watu wangu, adui yuko mpakani. Mmeridhia?"

"Adui yupi?" mama muuza samli alimnong'oneza jirani yake. "Huyo anayetuuzia ngano?"

"Nyamaza, shoga. Leo kunyamaza ndiyo kazi."

Sultani akauliza mara ya pili, na mara ya tatu, na soko lote likawa kimya hata mbuzi akasikika akitafuna ganda la tikiti.

Waziri akacheka. "Haya, binti, tangaza. Kimya ni ridhaa. Hata wewe siku ya kuposwa utanyamaza, na tutakula pilau."

"Mheshimiwa Waziri," akasema Ruzuna, "mwari huulizwa habari ya nafsi yake. Hawa wameulizwa habari ya maji ya watoto wao."

Akatazama upande wa gereza. Kisha akapaza sauti.

"Mji umenyamaza. Mji haukuridhia."

Mpiga ngoma akainua magongo, akamtazama Sultani. Akangoja ishara.

"Usimsikilize!" Waziri akamlilia jini. "Mimi nasema tumeridhia! Lete dhahabu!"

Jini akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Waziri. "Msikizi amesema mji haukuridhia. Nimesikia sauti moja tu iliyoridhia. Basi mkopaji ni wewe."

Dhahabu ikamwagika miguuni pa Waziri, ikamfika magotini, na hakuna mtu aliyeinama kuokota. Waziri akashika koo. Muuza maji akampa kata ya maji, akanywa, akatema. Akapewa ya kisima cha pili, akatema.

"Chumvi," akasema. "Yote chumvi."

Muuza maji akaonja kata ile ile. Maji yalikuwa matamu.

"Bwana wangu," akauliza mpiga ngoma, mikono ingali juu, "nipige?"

Sultani akaitazama pete, akamtazama Waziri anayelamba midomo.

"Neno lile la Waziri lilikuwa mdomoni mwangu pia," akasema polepole. "Weka chini magongo. Mfungueni mzee."

Jini akarudi ndani ya pete. Anayekopa kwa kinywa cha watu hulipa kwa kinywa chake.

Waziri Dhahiri alitoka mjini siku ile ile. Bakathiri alifunguliwa kabla ya alasiri, akaenda kwa miguu hadi kisima cha soko, na Ruzuna akamtekea maji, akanywa.